Hitilafu ya malipo ya kadi si zawadi: nimekaa upande wa pili wa hesabu, someni kabla hamjabonyeza tena

Karani wa Usiku:

Wakuu, salamu kwenu. Wiki hii nimeona skrinishoti zinazunguka kwenye magrupu: mtu ananunua kitu kwa kadi ya mkopo, malipo yanaonekana yamebatilishwa, pesa inarudi kwenye salio, na mzigo unafika vilevile. Chini yake watu wanaulizana, "bado inakubali?" Mimi nimefanya kazi ya kulinganisha miamala ya kadi kwa miaka kumi na moja, mingi ya hiyo nikiwa zamu ya usiku. Naomba mnivumilie niwaeleze kinachotokea huku kwetu, maana nimewaona wengi wakiketi mbele ya meza yangu na kauli ni ileile: "Mbona mashine yenyewe ilikubali?"

Tuanzie hapohapo. Mashine kukubali si kulipa. Ukiswaipu kadi au ukiandika namba zake mtandaoni, swali linatoka kwa muuzaji, linapita kwenye benki yake, linapita kwenye mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, linafika kwa benki iliyokupa kadi, kisha jibu linarudi. Yote hayo ni sekunde moja au mbili. Jibu hilo ni idhini tu, ahadi kwamba kiasi hicho kimetengwa kwenye kikomo chako. Pesa yenyewe inahama baadaye, mara nyingi siku moja hadi tatu, muuzaji anapowasilisha orodha ya mauzo yake na mabenki yakalipana.

Kwa hiyo kila malipo ya kadi yana nyakati mbili, na hitilafu nyingi mnazoziona zinaishi katikati ya nyakati hizo. Idhini imefutwa lakini orodha ya mauzo haijafika. Marejesho yameonekana kwenye programu ya simu lakini hayajapita kwenye daftari kuu. Salio mnalopiga picha mkashangilia ni la safari ambayo haijaisha.

Kuna na ile ya benki kuzimika. Mfumo wa benki ukiwa chini, mtandao wa kadi unaweza kujibu kwa niaba yake, kwa masharti waliyokubaliana, ili mteja asikwame kwenye foleni. Mtu anaona kadi iliyojaa deni inakubali, anadhani amepata ufa wa peke yake. Kumbe kila jibu lililotolewa kwa niaba linawekwa pembeni, benki ikiamka inakabidhiwa furushi lote.

Na wale wanaosema "mimi nalipia kwenye mashine isiyo na mtandao", sikilizeni. Chipu ya kadi ina kihesabu ndani yake. Kila muamala unaoanzishwa kinapanda kwa moja, mtandao uwepo usiwepo, na hakirudi nyuma. Namba hiyo inasafiri pamoja na malipo. Nikiwa na orodha nikaona 211, 212, 214, najua 213 ilianzia mahali fulani. Naisubiri tu.

Pendo_M:

Asante kaka Karani, hili la nyakati mbili nilikuwa silijui kabisa. Ila nina swali, na nauliza kwa nia njema. Kama wao ndio waliokosea, kosa langu mimi liko wapi? Sijavunja mfumo, sijaiba namba ya mtu. Nimebonyeza kitufe walichokiweka wenyewe.

Karani wa Usiku:

Dada Pendo, swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Acha nikupe kisa kimoja.

Alikuja mama na mwanawe, kijana wa chuo. Kijana alikuwa amegundua kwamba huduma moja ya mtandaoni ilikuwa inarudisha pesa huku bidhaa ikibaki kwake. Kadi aliyotumia ilikuwa kadi ya nyongeza kwenye akaunti ya mama. Nikaigeuza karatasi ya miamala ili waione wote wawili. Ilikuwa na mistari ishirini na tatu ya usiku mmoja.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa saa tatu na nusu usiku, kiasi kidogo sana. Kisha kimya cha dakika hamsini. Mstari wa pili, kiasi kilekile, na baada yake dakika kumi na mbili. Wa tatu kiasi kimepanda. Ilipofika saa nane usiku miamala ilikuwa inakuja kila dakika moja na nusu, na kila mmoja ukiwa kiasi cha juu kabisa ambacho huduma ile iliruhusu. Mama aliweka kidole kwenye karatasi, akashuka nacho mstari kwa mstari bila kusema neno. Alipofika kwenye mstari wa kumi na tano hivi akamgeukia mtoto, akamwambia, "Hapa ulikuwa hulali."

Umeona, dada? Mstari wa kwanza hata mimi ningemtetea. Mtu kanunua, pesa ikarudi, hakujua. Lakini zile dakika hamsini sikuweza kuzitetea. Ni muda wa mtu aliyekaa anaangalia kama pesa imerudi kweli, akaona imerudi, akajua si yake, akaanza tena. Kosa la mfumo ni la mwenye mfumo. Kurudia ukijua ni kwako, na saa zimeandikwa pembeni ya kila mstari.

Deni lote lilidaiwa kwa mkupuo na kadi zote mbili zikafungwa. Na kwa kuwa mwenye akaunti ni mama, deni ni la mama. Kadi ya nyongeza haina deni lake yenyewe, watu wengi hawalijui hili. Mwaka uliofuata aliomba mkopo wa nyumba akakataliwa. Alinipigia kuuliza kama kuna la kufanya, nami sikuwa na jibu zuri.

Wakili Mstaafu:

Karani amesema vizuri kwa lugha ya hesabu. Niongeze ya sheria kidogo, ingawa kila nchi ina vifungu vyake na hapa sitoi ushauri kwa kesi ya mtu.

Mwaka 2006 huko Guangzhou, Uchina, kijana mmoja alikwenda kwenye ATM akagundua akitoa yuani 1,000 akaunti inakatwa yuani 1 tu. Alitoa mara 171, jumla yuani 175,000 hivi. Akatoroka, akakamatwa mwaka uliofuata. Hukumu ya kwanza ilikuwa kifungo cha maisha, kwa kosa la wizi dhidi ya taasisi ya fedha. Nchi nzima ilipiga kelele, kesi ikasikilizwa upya, na mwaka 2008 akapewa miaka mitano. Wapo watakaosema mitano ni nafuu. Nawaomba waihesabu miaka hiyo kwa umri wa kijana.

Uingereza wana kifungu kinachokaribia suala hili. Sheria ya Wizi ya 1968, kifungu cha 24A, inasema mtu akijua kuwa akaunti yake imeingiziwa pesa iliyotokana na wizi au ulaghai, na kwa kukosa uaminifu asichukue hatua za kufuta, ametenda kosa. Adhabu inafika hadi miaka kumi. Angalieni hapo: hakutakiwa awe amefanya chochote. Kunyamaza kwake tu kunatosha.

Kwa hiyo binti yangu Pendo, hoja ya "wao ndio waliokosea" mahakamani haina miguu mirefu.

Pendo_M:

Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Hilo la kunyamaza limenishtua.

Mtaalamu_Huru:

Wakuu mnatisha watu bure. Mbona yule jamaa wa Australia alishinda? Akaunti ilikuwa inamruhusu kutoa bila kikomo, akatumia zaidi ya dola milioni 2 za kwao, mahakama ikamwachia. Hilo mnalificha.

Wakili Mstaafu:

Marahaba Pendo.

Mtaalamu, hakuna anayeficha, tena umefanya vizuri kulileta. Kisa hicho ni cha kweli. Kuanzia 2010 hadi 2012 benki ilikuwa inapitisha kila kinachoombwa kwenye akaunti yake, deni likapita dola milioni 2.1. Alihukumiwa 2015 kifungo cha zaidi ya miaka minne. Desemba 2016 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu.

Lakini tazama alishinda nini. Rufaa ilisimama kwenye hoja moja nyembamba: kosa aliloshtakiwa nalo lilihitaji udanganyifu, na hakumdanganya mtu, maana kila muamala ulikuwa umeandikwa wazi kama ulivyo. Angeshtakiwa kwa kosa jingine, au mahali pengine, au angeandika uongo hata mstari mmoja kwenye fomu, mambo yangekuwa tofauti. Na kabla ya rufaa alikuwa ameshakaa gerezani miezi kadhaa, na magari na vitu alivyonunua vilikuwa vimechukuliwa. Hukumu ya jinai kufutwa hakufuti deni.

Wewe umemkumbuka huyu kwa sababu ni mmoja. Mtu asipange maisha yake kwa bahati ya mtu mmoja.

Mama Zawadi:

Naomba niseme la kwangu. Mimi nauza vitu mtandaoni, biashara ndogo, mimi na binti yangu tunafunga vifurushi wenyewe. Watu wanaposema "ni pesa ya benki" huwa nasikia uchungu, kwa sababu mara nyingi si ya benki. Ni yangu.

Kuna wateja wanapokea mzigo, halafu wanapiga simu kwa waliowapa kadi na kusema haujafika, au hawakununua wao. Mteja ana muda mrefu wa kupinga malipo, aghalabu hadi siku 120. Malipo yakipingwa pesa inachukuliwa kwangu kwanza, ndipo naambiwa nilete ushahidi. Na hata nikishinda, ada ya kushughulikia lalamiko nimeshakatwa. Mwaka jana mteja mmoja alinifanyia hivyo mara tatu kwa anwani ileile. Nilipeleka risiti ya kufikisha mzigo yenye sahihi. Moja nikashinda, mbili nikashindwa kwa sababu nilichelewa siku mbili kuijibu barua.

Malalamiko yakizidi kiwango, muuzaji anaweza kufungiwa kupokea kadi. Kuna orodha ya Mastercard inaitwa MATCH, ukiingizwa humo jina linakaa miaka mitano na ni vigumu sana kupata benki nyingine ya kukupokelea malipo. Naiwaza hiyo orodha kila ninapopata ujumbe wa lalamiko.

Karani wa Usiku:

Pole sana Mama Zawadi. Na niseme kwa uwazi: kupinga malipo ni haki nzuri, iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyeibiwa kadi au aliyelipia kitu kisichofika. Anayeitumia kwa uongo anaichafua kwa wanaoihitaji. Huku kwetu mtu akipinga mara ya tatu nne tunaanza kumtilia shaka, na siku anapoibiwa kweli anajikuta anatakiwa kuthibitisha kila kitu. Nimewaona watu wa namna hiyo wakilia, safari hii wakiwa wanasema kweli.

Na uongo wa kupinga malipo ni mzito kuliko ukimya, kwa sababu umetia maandishi.

Msaka Pointi:

Naomba tutenganishe mambo mawili hapa, la sivyo tutawahukumu hata wasio na hatia. Mimi nakusanya pointi za kadi, zile zawadi wanazokupa kwa kuitumia kadi, ni burudani yangu. Nasoma masharti, nanunua pale ambapo pointi ni nyingi, nalipa deni lote kabla ya tarehe. Huo ni mwanya, lakini ni mwanya ulioandikwa kwenye masharti yao wenyewe.

Mfano mzuri ni wa Marekani. Kiwanda chao cha sarafu kilikuwa kinauza sarafu za dola 1 kwa bei yake halisi, unalipia kwa kadi ya mkopo, wanakuletea bure. Watu wakaagiza masanduku kwa masanduku, wakapeleka sarafu benki moja kwa moja, wakalipia deni la kadi kwa pesa hiyohiyo, pointi zikabaki. Hakuna aliyeiba. Julai 2011 wakaacha kupokea kadi za mkopo kwa sarafu hizo, mchezo ukaisha.

Karani wa Usiku:

Msaka, nakubaliana nawe karibu kote. Kipimo changu ni hiki: je, uko tayari kumpigia simu aliyekupa kadi na kumweleza kila hatua, na akisikia aseme "sawa"? Sarafu zile zililipiwa. Yule aliyelipa alilipa kweli, muuzaji alipata chake. Kwenye hitilafu kuna mtu mmoja ambaye hakulipwa, na huyo hajui bado.

Ila hata huo mwanya halali una meno yake. Masharti ya kadi karibu zote yanawaruhusu kufunga akaunti na kufuta pointi wakiona matumizi "yasiyo ya kawaida", nao ndio wanaoamua lipi si la kawaida. Na kodi pia. Kuna mume na mke Marekani waliopata zaidi ya dola 300,000 za marejesho ya kadi, yaani ile asilimia kadi inayokurudishia kwa kununua, kati ya 2013 na 2014, kwa kununua kadi za zawadi kisha hati za malipo, zile zinazogeuzwa kuwa pesa benki. Kesi ilifika mahakama ya kodi, uamuzi ukatoka 2021: sehemu ya kadi za zawadi hawakutozwa, sehemu waliyonunua hati za malipo moja kwa moja na kuongeza salio kwenye kadi za kulipia kabla wakatozwa. Waliikusanya kihalali, na bado iliwachukua miaka ya mawakili.

Nuru ya Kale:

Mnakumbuka ya Ethiopia? Machi 2024, Benki ya Biashara ya Ethiopia, mfumo uliharibika usiku, watu wakawa wanatoa zaidi ya walichonacho. Habari ikasambaa vyuoni kwa simu, wanafunzi wakapanga foleni kwenye ATM usiku wa manane. Katika saa chache hizo ilipita miamala inayokaribia nusu milioni. Benki ikasema atakayerudisha kwa hiari hatashtakiwa, kisha ikachapisha majina na picha za ambao hawajarudisha.

Mimi hilo la picha ndilo linaloniuma. Mtoto wa watu, kaamshwa na mwenzake saa saba usiku, kakimbia na kandambili, kesho uso wake uko hadharani.

Wakili Mstaafu:

Na mwaka huohuo, Agosti, ikaja ile ya TikTok Marekani, wakaiita pesa isiyoisha. Watu walikuwa wanaweka hundi za uongo benki ya JPMorgan Chase na kutoa pesa kabla hundi haijarudi. Kwa sheria hiyo ni kughushi hundi, kosa la zamani kabisa, limevishwa nguo mpya. Oktoba benki ikaanza kushtaki. Mmoja huko Houston alidaiwa zaidi ya dola 290,000.

Yale matumizi mnayoyaona kwenye video, mtu kashika mabunda anacheza, ndiyo yanayopelekwa mahakamani kama kielelezo.

Karani wa Usiku:

Nirudi kwenye jambo ambalo limenisukuma zaidi kuandika. Wale wanaouza "njia". Unaambiwa lipia kidogo, utaingizwa kwenye kundi, utapewa namba za kadi "za mfumo" zinazokubali bila kukatwa. Ndugu zangu, hakuna kadi za mfumo. Hizo ni kadi za watu walioibiwa, na wewe umetafutwa ili mzigo uje kwa jina lako na anwani yako. Mwenye kadi akipinga malipo, njia yote inaishia mlangoni kwako. Aliyekuuzia anajulikana kwa jina la bandia tu.

Wengine wanaomba upitishe pesa kwenye akaunti yako ubakize asilimia. Usikubali, hata kama ni rafiki.

Kijana_Saba:

Wakuu samahani, nimesoma uzi wote tangu juu. Naomba msinitukane. Ile ya skrinishoti za wiki hii, mimi nimeifanya. Mara sita. Mizigo minne imefika, miwili bado. Kwenye programu malipo yote yanaonyesha "imebatilishwa". Sijalala vizuri tangu jana. Nikinyamaza kuna uwezekano wasione?

Karani wa Usiku:

Mdogo wangu, hakuna atakayekutukana hapa, na umefanya jambo zuri kuuliza.

Wataona. Pale Australia mwaka 2021 kampuni ya sarafu za kidijitali ya Crypto.com ilitakiwa kumrudishia mteja dola 100. Mtu akaandika namba ya akaunti kwenye sehemu ya kiasi, zikaenda dola milioni 10.5. Ilipita miezi saba bila mtu kugundua, hadi wakaguzi walipopitia vitabu mwezi Desemba. Nyumba iliyonunuliwa kwa pesa hiyo mahakama ikaamuru iuzwe. Miezi saba mtu anaweza kuamini kabisa kwamba yameisha.

Sasa sikiliza. Usiguse kadi hiyo tena leo. Mizigo miwili ikifika usiifungue, na ile minne usiuze hata kimoja. Weka kwenye akaunti kiasi cha malipo yote sita kama unacho, na kama huna weka ulichonacho, usikitumie. Kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi, hiyohiyo ya nyuma ya kadi, usitafute namba kwenye grupu. Waambie umeona malipo sita yamebatilishwa na bidhaa umezipokea, unataka kulipa. Omba namba ya kumbukumbu, iandike. Baada ya simu tuma maelezo hayohayo kwa maandishi, tarehe na kiasi cha kila muamala, bila kupamba na bila kujitetea kwa uongo.

Na akikupigia mtu akisema ni wa benki umtumie hizo pesa kwenye namba fulani, kata simu. Wezi wa pili huwa wanafuata hapo. Pesa inarudi kwa njia rasmi, wao ndio wanaoikata, humtumii mtu.

Wakili Mstaafu:

Nakazia alichosema Karani, na kitu kimoja: usifute chochote kwenye simu. Wala ujumbe, wala skrinishoti. Kama walikuwa wanakuhimiza wenzako kwenye grupu, hayo nayo yabaki. Ukiitwa kutoa maelezo rasmi, nenda na mwanasheria. Na mweleze mzazi au mtu mzima unayemwamini kabla hajaambiwa na mwingine.

Mama Zawadi:

Mwanangu, mpigie na muuzaji. Mimi ningefurahi sana kupigiwa.

Kijana_Saba:

Nimempigia kwanza muuzaji. Alipokea mwanamke, akanyamaza muda, halafu akasema, "Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu upya stoo nikidhani binti wa hapa ndiye aliyeiba." Nimeshindwa kumjibu.

Benki nimepiga pia, nimewekwa kusubiri dakika arobaini. Nimepewa namba ya kumbukumbu, barua nimeituma. Wamesema kadi inasimamishwa huku wanaangalia, na malipo manne huenda yakakatwa mwisho wa wiki, mawili wamerudisha mizigo njiani. Kama kutakuwa na hatua nyingine hawajasema.

Kaka yangu mkubwa nimemwambia. Amekuja kukaa na mimi leo. Ijumaa nitaandika hapa walichonijibu.

Karani wa Usiku:

Sawa mdogo wangu. Niko zamu Ijumaa, nitapita kuangalia.